Asiyeandikishwa Asipitishwe: Watoa Huduma za Intaneti na Rejista za Njia

Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan, ikitekeleza agizo la serikali, iliamua kuwafungia wateja wake YouTube. Wahandisi wake waliziambia ruta zao kwamba sehemu ya anwani za YouTube zinapatikana kwao wenyewe, ili maombi yote ya ndani ya nchi yaelekezwe hapo na kuishia hapo. Tangazo hilo lilipaswa kubaki Pakistan. Badala yake likaifikia PCCW ya Hong Kong, iliyokuwa ikiiunganisha kampuni hiyo na dunia, nayo ikalipokea bila kuuliza na kulisambaza kwa majirani zake. YouTube ilikuwa imetangaza fungu kubwa la anwani. Tangazo la Pakistan lilitaja fungu dogo lililomo ndani ya lile kubwa, na ruta zikikuta matangazo mawili ya namna hiyo hufuata lile lililobana zaidi. Kwa muda wa saa 2 hivi, watu wa karibu dunia nzima hawakuweza kuifungua YouTube.

Lawama nyingi zilikwenda Pakistan. Mimi naitazama zaidi Hong Kong. Kutangaza anwani zisizo zako ni kosa linaloweza kumpata fundi yeyote, tena usiku wa manane akiwa na haraka. Mwenye uwezo wa kulizuia kosa hilo lisivuke ni jirani anayelipokea tangazo. Jirani huyo anahitaji jambo moja tu: mahali pa kutazama ajue kampuni fulani ina haki ya kutangaza anwani zipi. Mahali hapo papo kwa zaidi ya miaka 30. Ni rejista za njia, hifadhi za data zilizo wazi kwa wote, ambamo kila mtandao huandika anwani zake, namba yake, na mitandao ya wateja wanaopitia kwake. Tatizo ni kwamba wengi hawaandiki, wengine waliandika zamani wakasahau, na wengi zaidi hawasomi yaliyoandikwa na wenzao.

Uzito wa jambo hili unaonekana mtu akiangalia intaneti inavyosimama. Hakuna ofisi kuu inayopanga safari za data. Kuna mitandao zaidi ya 75,000 inayojitegemea, kila mmoja na namba yake, na kila mmoja ukiwaambia majirani zake kwa itifaki ya BGP ni anwani zipi unaweza kuzifikisha. Njia zinazotangazwa kwa anwani za toleo la nne (IPv4) ni takriban milioni 1. BGP, iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 1989, haina ndani yake namna ya kuthibitisha kauli ya yeyote. Ilitungwa na watu waliokuwa wakifahamiana kwa ajili ya watu waliokuwa wakifahamiana. Hata biashara yenyewe imejengwa juu ya imani hiyo. Mwaka 2011 shirika la Packet Clearing House lilikusanya taarifa za makubaliano zaidi ya 142,000 ya kubadilishana trafiki baina ya mitandao, likakuta zaidi ya asilimia 99 hayana mkataba wa maandishi. Watu walikubaliana kwa mdomo, trafiki ikaanza kupita.

Ulikuwapo wakati ambapo kujiandikisha halikuwa suala la hiari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, uti wa mgongo wa intaneti ya Marekani ulikuwa NSFNET, mtandao uliogharimiwa na mfuko wa taifa wa sayansi na kuendeshwa na Merit, taasisi ya vyuo vikuu vya jimbo la Michigan. Merit ilikuwa na hifadhi ya data ya sera za njia, na mipangilio ya ruta za uti wa mgongo ilitengenezwa moja kwa moja kutoka humo. Chuo kikuu ambacho anwani zake hazikuwamo kwenye hifadhi hiyo hakikupitishwa. Hakuna aliyehitaji semina ya kuelezwa umuhimu wa kuandikisha njia, kwa sababu asiyeandikishwa hakuwa na mtandao.

Aprili 1995 NSFNET ilizimwa na kazi yake ikaachiwa kampuni za biashara. Merit iliendelea na rejista mpya, RADB, lakini sharti lilikuwa limeondoka. Kampuni kubwa zilizochukua nafasi ya NSFNET zilikuwa huru kuisoma rejista au kuiacha, na nyingi ziliiacha. Miaka miwili baadaye, Aprili 1997, ruta moja ya mtandao wenye namba 7007 ilitangaza anwani za sehemu kubwa ya intaneti kana kwamba ni zake, na trafiki ya dunia ikaanza kumiminika kwa kampuni ndogo isiyoweza kuibeba. Rejista ilikuwapo siku ile. Kilichokosekana ni wa kuitumia kama kizuizi.

Napenda kuanzia kwenye historia hiyo kwa sababu inajibu nusu ya swali la namna ya kuwavuta watoa huduma kwenye rejista. Kila mkutano wa wahandisi wa mitandao una mada inayowasihi waandikishe njia zao, na wasikilizaji hutikisa kichwa kukubali, kisha hurudi kazini na mambo yakabaki vilevile. Haina maana kuwaita wavivu. Mtoa huduma akiandikisha njia zake, anayefaidika mara moja ni jirani anayepata cha kuchujia. Yeye mwenyewe atafaidika siku ambayo mtu mwingine, mahali pengine, atajaribu kutangaza anwani zake, na kwa sharti kwamba mitandao mingine itakuwa inachuja. Gharama ni ya leo na ni yake. Faida ni ya kesho na ni ya wote. Jambo la namna hiyo haliendi kwa kusihi.

Zipo na sababu nyingine zinazotajwa. Baadhi ya wakurugenzi huogopa kwamba orodha ya wateja wao itaonekana na washindani. Hofu hiyo sioni msingi wake: BGP yenyewe inaonyesha nani anapita kwa nani, na mradi wa Route Views wa Chuo Kikuu cha Oregon umekuwa ukikusanya matangazo hayo na kuyaweka hadharani kwa miaka mingi. Mshindani anayetaka orodha tayari anayo. Hofu ya wahandisi ni tofauti, na inastahili heshima zaidi. Wanajua kwamba kumbukumbu yenye kosa, ikikutana na jirani anayechuja kwa umakini, inaweza kuwakatia wateja halali huduma. Mtandao usioandikishwa kabisa mara nyingi unapitishwa na majirani wazembe. Mtandao ulioandikishwa vibaya unaweza kukwama kwa majirani makini. Kwa mhandisi ambaye simu yake ndiyo inayolia, kutofanya lolote kunaonekana kuwa salama zaidi.

Kisha kuna suala la watu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote na ndilo linalotajwa kidogo. Katika watoa huduma wadogo na wa kati wa Afrika Mashariki, kazi ya njia mara nyingi iko mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Mtu huyo ndiye aliyeomba anwani, ndiye aliyefungua akaunti ya rejista kwa barua pepe yake, ndiye mwenye neno la siri. Akipata kazi nzuri zaidi, anaondoka na ufunguo, wala si kwa nia mbaya. Anayemfuata anakuta mtandao unafanya kazi na hana sababu ya kugusa kitu asichokijua. Mwaka unapita, kampuni inaongeza fungu jipya la anwani, inauza tawi, inabadili mtoa huduma wake wa kimataifa, na rejista inabaki ikisema yaleyale ya zamani. Ndiyo maana kampeni inayohesabu waliojiandikisha inapima kitu kisicho sahihi. Mtandao ulioandikwa mwaka 2014 na haujaguswa tangu hapo unaweza kuwa na madhara kuliko ule ambao haujaandikwa kabisa.

Udhaifu wa data una historia yake pia. Rejista nyingi za mwanzo zilimruhusu mtu yeyote kuandika chochote. RADB ilihitaji malipo, haikuhitaji uthibitisho kwamba anwani ni zako. Barani Ulaya, RIPE NCC ya Amsterdam ilikuwa na mpango bora zaidi: anayegawa anwani ndiye anayetunza rejista, hivyo mwenye anwani peke yake ndiye aliyeweza kuruhusu njia yake iandikwe. Lakini mpango huo ulifanya kazi kwa anwani za eneo lake tu. Mitandao ya Afrika, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na rejista ya kwao, ilikwenda kuandika njia zake RIPE au RADB, na huko RIPE haikuwa na namna ya kujua kama mwandikaji ndiye mwenye mali. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua tatizo hili kwa jina jingine: kiwanja kimoja, hati mbili, na kila mnunuzi ana mhuri. Septemba 2018 RIPE iliacha kupokea maandishi ya anwani za nje ya eneo lake, na yale ya zamani ikayatenga na kuyawekea alama kwamba hayana mamlaka.

Madhara ya rejista isiyothibitisha yalionekana wazi Agosti 2022. Wezi waliokuwa wakiwinda fedha za mtandaoni za watumiaji wa huduma iitwayo Celer Bridge waliandika kwanza kwenye ALTDB, rejista ya bure inayoendeshwa na watu wa kujitolea, kwamba mtandao mdogo wa Uingereza unapitisha trafiki ya Amazon. Baada ya hapo wakatangaza fungu la anwani za Amazon. Mtoa huduma wa juu alisoma rejista, akakuta maandishi yanalingana na tangazo, akapitisha. Wizi ulifikia takriban dola 235,000. Kizuizi kilifanya kazi yake sawasawa. Kilichokuwa kimeoza ni kitabu kilichosomwa. Ukimhimiza mtoa huduma ajiandikishe bila kumwambia ajiandikishe wapi, unaweza kuwa unaongeza takataka.

Jibu la wahandisi kwa udhaifu huo ni RPKI, mfumo wa saini za kidijitali ulioanza kutolewa na wagawaji wa anwani mwaka 2011. Mwenye anwani hutia saini tamko kwamba fungu fulani litangazwe na namba fulani, na ruta yoyote duniani inaweza kulithibitisha bila kumwamini mwandikaji kwa maneno tu. Mfumo huu umekua vizuri. Mei 2024, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya njia za toleo la nne zilikuwa na tamko la namna hiyo. Kutokana na mafanikio hayo wapo wanaosema rejista za zamani zimepitwa na wakati, na kwamba nguvu zote zielekezwe kwenye RPKI. Sikubaliani nao, na mfano wangu unatoka Nigeria.

Tarehe 12 Novemba 2018, kampuni ya MainOne ya Lagos, wakati wa matengenezo ya kawaida, ilikosea mpangilio na kupeleka njia za Google kwa China Telecom. China Telecom ikazipokea na kuzisambaza, na kwa dakika 74 sehemu ya trafiki ya Google duniani ikawa inazungukia China na Urusi. Hakuna aliyedai kuwa ndiye Google. Anwani zilikuwa za Google, namba ya mwanzo wa njia ilikuwa ya Google, kwa hiyo saini ya RPKI ingesema kila kitu ni sawa. Kosa lilikuwa katikati ya njia: Google si mteja wa MainOne, na MainOne haikupaswa kuiuza safari hiyo kwa mtu mwingine. Tamko la RPKI linasema nani aanzishe njia. Rejista ya njia inasema pia nani anapitia kwa nani. Kama China Telecom ingechuja kwa orodha ya wateja wa MainOne iliyoandikwa kwenye rejista, njia zile zingeishia mlangoni. Upo mpango wa kuliingiza suala hili la pili kwenye saini za kidijitali, lakini bado haujaenea kwenye ruta za dunia. Kwa sasa mtoa huduma anahitaji vyote viwili, na saini nzuri zinasaidia kufagia maandishi ya uongo kwenye rejista, kwa kuwa programu za rejista za kisasa hukataa maandishi yanayopingana na saini.

Saini nazo zinamtegemea anayezitunza. Januari 2024 mtu mmoja aliingia kwenye akaunti ya Orange ya Hispania huko RIPE, iliyolindwa na neno la siri jepesi tu bila hatua ya pili ya uthibitisho, akabadilisha matamko ya kampuni hiyo. Majirani waliokuwa wakithibitisha saini wakaanza kuzikataa njia halali za Orange, na wateja wake wakakosa mtandao kwa saa kadhaa. Baada ya hapo RIPE iliifanya hatua ya pili kuwa ya lazima kwa wote.

Nani basi awasukume watoa huduma? Mwenye nguvu kubwa ni anayewauzia uwezo wa kimataifa. Baadhi ya kampuni hizo zimekuwa zikichuja kwa rejista kwa miaka mingi. NTT ni mfano unaojulikana, na Hurricane Electric ilijiunga na njia hiyo. Google nayo huwataka wanaobadilishana nayo trafiki moja kwa moja waandikishe njia zao. Mtoa huduma wa Mwanza au Kisumu hatasoma waraka wa kurasa 40 kuhusu usalama wa njia, lakini atajiandikisha siku hiyohiyo akiambiwa kwamba video hazitafika kwa wateja wake kwa njia fupi mpaka afanye hivyo. Mpango wa MANRS, ulioanzishwa mwaka 2014 chini ya Internet Society, umefanya kazi nzuri ya kuwaleta pamoja walio tayari na kuwapa kanuni chache zinazopimika. Nguvu zake, hata hivyo, zinaishia kwa walio tayari.

Kwa upande wetu wa dunia, nadhani mahali penye tija zaidi ni vitovu vya kubadilishana trafiki. Historia yake hapa ni ya kujivunia. Nairobi walifungua KIXP Novemba 2000 ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili isisafiri kwa setilaiti hadi Marekani na kurudi. Mdhibiti akaifunga mwezi uliofuata baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, na ikafunguliwa tena mwanzoni mwa mwaka 2002 baada ya watoa huduma kupigania haki yao. Dar es Salaam walifuata na TIX mwaka 2004. Vitovu hivi viliundwa na washindani waliokubali kukaa meza moja, na karibu kila mtoa huduma wa maana yumo. Kitovu kikiwa na ruta ya pamoja inayogawa njia za wanachama, ruta hiyo inaweza kukataa njia yoyote isiyo kwenye rejista au yenye saini inayopingana nayo. Programu za bure za kuendesha vitovu, kama IXP Manager iliyotengenezwa na kitovu cha INEX cha Dublin, zinafanya uchujaji huo zenyewe.

Lakini kukataa peke yake hakutoshi, na hapa ndipo vitovu vinapokuwa na faida kuliko NTT au Google. Mhandisi wa kitovu anamjua mhandisi wa mwanachama kwa jina. Anaweza kumwandikia kabla ya siku ya kufunga: njia zako 12 zinapita leo, 3 kati yake hazitapita baada ya mwezi ujao, njoo tukae saa moja tuzirekebishe. Anaweza kumsaidia kuihamisha akaunti kutoka kwa aliyeondoka. Hili ndilo linalotibu hofu niliyoitaja ya mhandisi mpweke, na halifanyiki kwa barua ya mdhibiti.

Mdhibiti ana sehemu yake, nami ningependa iwe ndogo. Sheria inayomlazimisha mtoa huduma kujiandikisha italeta maandishi ya kutimiza wajibu, yasiyosasishwa na mtu.

Faida ya mtoa huduma mwenyewe pia ielezwe kwa mifano inayomgusa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa wakati mmoja, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ikadorora. Katika siku kama hiyo kila mtoa huduma hutafuta uwezo wa dharura kwa kampuni ambayo hakuwa mteja wake jana. Ikiwa kampuni hiyo inachuja kwa rejista, vichujio vyake mara nyingi husasishwa mara moja kwa siku. Ambaye njia zake ziko sawa huunganishwa na kuanza kazi. Ambaye hajaandika, au maandishi yake bado yako chini ya mtoa huduma wa zamani, hungoja mzunguko unaofuata huku wateja wakipiga simu.

Liko jambo moja ambalo lazima lisemwe kwa uwazi, kwa kuwa linaweza kuharibu juhudi zote. Rejista inayostahili kwa mitandao ya Afrika ni ile ya AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliyofunguliwa mwaka 2013, ambayo ni bure kwa wanachama na inathibitisha umiliki. AFRINIC imepita kwenye dhoruba. Ilibainika kwamba anwani zaidi ya milioni 4 zilihamishwa isivyo halali katika kumbukumbu zake. Tangu 2021 imeandamwa na kesi, akaunti zake za benki ziliwahi kuzuiwa, ikakaa muda mrefu bila bodi kamili wala mtendaji mkuu, na hatimaye ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Bodi mpya ilipatikana Septemba 2025. Katika kipindi hicho chote wafanyakazi wake waliendelea kuiendesha rejista na mfumo wa saini, na wanastahili shukrani. Hata hivyo mtoa huduma anayeambiwa aweke usalama wa njia zake mahali hapo ana haki ya kuuliza kama patakuwapo mwaka kesho. Jibu haliko RADB wala ALTDB. Liko kwenye kura za wanachama: watoa huduma wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo ni wenye AFRINIC, na kura hizo ni zao.

Anayebaki ni mnunuzi. Uholanzi iliweka lengo la mitandao yote ya serikali kutumia RPKI ifikapo mwisho wa 2024, na Septemba mwaka huohuo Ikulu ya Marekani ilitoa mpango wa kuimarisha usalama wa njia, ukizitaka taasisi za serikali ziweke jambo hilo kwenye mikataba ya ununuzi. Serikali zetu, benki, hospitali za rufaa na mitandao ya vyuo kama KENET, TERNET na RENU ni wateja ambao hakuna mtoa huduma anayetaka kuwakosa. Zabuni zao zinaweza kuongeza vifungu vitatu: anwani zote za mzabuni ziwe na saini halali, orodha ya wateja wake iwe imesasishwa kwenye rejista inayothibitisha umiliki, na azikatae njia za wateja wake zisizolingana na rejista. Viwili vya kwanza afisa ununuzi anaweza kuvihakiki akiwa ofisini, kwa kompyuta ya kawaida, bila kumlipa mtu, kwa sababu rejista ziko wazi. Cha tatu kinahitaji jaribio: kutangaza fungu la anwani za majaribio lisiloandikishwa na kutazama kama litapita. Jaribio hilo lifanywe kabla ya kusaini mkataba, na lirudiwe kila mwaka.